USITUKANE WAKUNGA NA UZAZI UNGALIPO
Mazungumzo juu ya kuaminiana na kusalitiana

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu wa hesabu, mkazi wa kambi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kamati inayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.)



Kamati iliponiomba niseme neno siku ya leo, ilinipa kichwa kimoja tu: Kuaminiana. Nilikataa mara mbili. Sababu ya kukataa nitaieleza hapo mbele. Mara ya tatu nilikubali kwa sharti kwamba nizungumze kama mwalimu wa hesabu, siyo kama mhubiri. Wahubiri tunao, tena wazuri kuliko mimi.

Ndugu zangu, kuna tawi la hesabu linaloitwa nadharia ya michezo. Jina lisiwadanganye, maana halihusu mpira wala bao peke yake. Linahusu kila jambo ambalo matokeo ya uamuzi wangu yanategemea utakavyoamua wewe, na matokeo ya uamuzi wako yanategemea nitakavyoamua mimi. Mchuuzi na mnunuzi wamo humo. Majirani wawili wenye shamba lisilo na mpaka wamo humo. Nchi mbili zenye majeshi zimo humo. Kitabu kikubwa cha mwanzo cha elimu hii kiliandikwa na John von Neumann na Oskar Morgenstern mwaka 1944.

Mwaka 1950, huko California nchini Marekani, wataalamu wawili wa taasisi ya RAND, Merrill Flood na Melvin Dresher, walitunga fumbo. Mwaka huo huo profesa Albert Tucker alitakiwa kulieleza mbele ya wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ili lieleweke, akalivika hadithi ya mahabusu wawili. Nitawasimulia kwa namna yangu.

Watu wawili wamekamatwa kwa kosa moja. Kila mmoja amefungiwa chumba chake, hawaonani wala hawasikiani. Mpelelezi anamwendea kila mmoja na kumwambia hivi: "Ukimtaja mwenzako naye akanyamaza, wewe unakwenda nyumbani leo, yeye anafungwa miaka 10. Mkinyamaza wote wawili, ushahidi wetu ni mdogo, mtafungwa mwaka 1 kila mmoja. Mkitajana wote wawili, mtafungwa miaka 5 kila mmoja."

Sasa fanya hesabu ya mmoja wao. Anajiuliza: mwenzangu akinyamaza, mimi nifanye nini? Nikinyamaza ni mwaka 1, nikimtaja ni huru. Afadhali nimtaje. Je, mwenzangu akinitaja? Nikinyamaza ni miaka 10, nikimtaja ni 5. Afadhali nimtaje. Kwa hiyo, mwenzake afanye lolote lile, yeye anapata nafuu akimsaliti. Na mwenzake, katika chumba cha pili, anafanya hesabu ile ile. Wote wanatajana, wote wanakwenda jela miaka 5, ambapo wangenyamaza wangekaa mwaka 1 tu.

Hapo ndipo penye uchungu wa fumbo hili. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja, kwa upande wake, amepata jibu sahihi, na majibu mawili sahihi yamezaa hasara ya wote. Wala hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walikuwa watu waliokutana mara moja, gizani, bila kuzungumza, na bila kesho.

Ndugu Mwenyekiti, neno hilo la mwisho ndilo nataka tulishike: bila kesho.

Sasa nieleze kwa nini nilikataa mara mbili.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi miaka ya 2008 na 2009 ilivyokuwa. Kambi kadhaa za mkoa huu wa Kigoma zilikuwa zinafungwa, na kila juma lilikuja na uvumi wake. Wakati huo mimi nilikuwa katika likelemba ya watu 10. Kwa wageni ambao hawajui neno hilo, likelemba ndiyo wenyeji wetu wa Tanzania wanaita upatu. Kila baada ya majuma mawili, kila mtu alitoa shilingi 2,000, na mmoja wetu alichukua shilingi 20,000 zote kwa zamu. Kwa fedha hizo mmoja alinunua cherehani iliyotumika, mwingine alianza kuuza dagaa, mwingine alilipia dawa. Zamu yangu ilikuwa ya nne. Nilichukua, nikanunua bati mbili na viatu vya watoto.

Baada ya mtu wa sita kuchukua, uvumi ukaingia kwamba kambi yetu nayo inafungwa kabla ya mvua. Hakuna aliyejua umetoka wapi. Siku ya kutoa fedha ilipofika, sikwenda. Nilijiambia: mimi nimeshachukua, hawa sitawaona tena, shilingi 2,000 zitanisaidia njiani. Wenzangu watano waliokuwa wamechukua nao walijiambia hivyo hivyo, kila mmoja nyumbani kwake, bila kushauriana. Likelemba ikafa siku hiyo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, basi niwape hesabu yake. Kila mtu alikuwa ametoa mara 6, yaani shilingi 12,000. Sisi sita tuliochukua 20,000 tulibaki na faida ya 8,000 kila mmoja, jumla 48,000. Wanne waliokuwa bado hawajachukua walipoteza 12,000 kila mmoja, jumla 48,000. Inalingana hadi shilingi ya mwisho. Hakuna mwizi aliyeingia usiku. Fedha zilitoka mifuko minne zikaingia mifuko sita, na mfuko mmoja katika hiyo sita ulikuwa wangu.

Mtu wa kumi katika orodha alikuwa mama mmoja mjane, jirani yangu wa nyumba ya nne. Alikuwa ameomba zamu ya mwisho kwa hiari yake ili wenye shida watangulie.

Na kambi, ndugu zangu, haikufungwa. Mvua ilikuja ikatukuta hapa hapa. Kila alfajiri, kwenye foleni ya ndoo bombani, nilikuwa ninakutana na yule mama. Wazee walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Mimi nilikutana naye kila siku saa 12 asubuhi.

Sasa turudi kwa wataalamu, kwa sababu waliliona jambo hili bila kufika kambini kwetu.

Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan, Robert Axelrod, alijiuliza: je, kama wale wawili wangecheza mchezo ule mara nyingi, kila mmoja akikumbuka alichotendewa? Akaandaa mashindano ya kompyuta, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1980. Aliwaalika wataalamu walete programu, kila programu ikiwa na kanuni yake ya kuamua lini ishirikiane na lini isaliti. Zilikuja 14, na yeye akaongeza moja iliyocheza ovyo ovyo kama kurusha shilingi. Kila programu ilikutana na kila nyingine kwa hatua 200. Wakishirikiana, kila mmoja anapata pointi 3. Mmoja akimsaliti mwenzake aliyemwamini, msaliti anapata 5 na mwenzake 0. Wakisalitiana, kila mmoja pointi 1.

Kulikuwa na programu zenye hila nyingi na hesabu ndefu. Iliyoshinda ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote. Aliyeileta ni Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto, mtu aliyezaliwa mwaka 1911 katika nchi ambayo leo ni Ukraine na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Kanuni yake mimi naiita Nipe Nikupe. Inasema: hatua ya kwanza, shirikiana. Baada ya hapo, mtendee mwenzako kama alivyokutendea hatua iliyopita. Basi, imekwisha.

Axelrod akaandaa mashindano ya pili. Zikaja programu 62 kutoka nchi 6, na safari hii washiriki wote walikuwa wamesoma matokeo ya kwanza, hivyo kila mmoja aliweza kutafuta njia ya kuishinda Nipe Nikupe. Ikashinda tena.

Tujifunze nini kwa kanuni hii fupi? Axelrod aliona mambo manne. Kwanza, haianzi ubaya. Katika mashindano ya kwanza, nane bora zote zilikuwa za namna hiyo, ambazo hazikuwa za kwanza kusaliti. Pili, siyo bwege. Ukiisaliti, hatua inayofuata inakujibu. Tatu, haiweki kinyongo. Ukirudi katika kushirikiana, nayo inarudi pale pale. Nne, inaeleweka. Mwenzako hapati shida kujua wewe ni mtu wa namna gani.

Na kuna jambo la tano ambalo vijana wanapenda nikilisema darasani. Nipe Nikupe haiwezi kumzidi pointi hata mpinzani mmoja aliye mbele yake. Kila mara inatoka sare au inapungukiwa kidogo. Ilishinda mashindano yote bila kumshinda mtu yeyote, kwa kuwa kila ilipokwenda iliwawezesha wengine nao kupata.

Lakini yote haya yanasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kesho. Kama wote wawili wanajua kwamba hatua ya 200 ndiyo ya mwisho, basi katika hatua ya 200 hakuna cha kuogopa, afadhali kusaliti. Ikiwa usaliti wa hatua ya 200 umeshajulikana, basi hatua ya 199 nayo haina cha kulinda. Ukirudi nyuma hivyo, hatua kwa hatua, unafika ya kwanza, na mchezo mzima umeoza kabla haujaanza. Ndiyo maana katika mashindano ya pili Axelrod hakuweka mwisho unaojulikana. Mchezo uliweza kukoma wakati wowote, na hakuna aliyejua ni lini.

Hapo ndipo nilipojitambua. Likelemba yetu haikuuawa na umaskini. Maskini tulikuwa tangu mwanzo na tulitoa. Iliuawa na fununu kwamba hii ndiyo hatua ya mwisho.

Na niseme wazi, ndugu zangu: ugonjwa huo ndio ugonjwa wa kambi. Tuliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 kutoka Fizi na Uvira tulijua ni kwa miezi mitatu. Tulijenga nyumba za miezi mitatu, tukachimba vyoo vya miezi mitatu, na tukaishi na majirani wa miezi mitatu. Anayejiona yuko safarini hamjali aliyeketi naye katika gari. Atakanyaga mguu wake ashuke aende zake. Kumbe gari hili tumo humo kwa miaka mingi, watoto wamezaliwa humo, na watoto wao wamezaliwa humo. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ndiyo nadharia nzima ya Axelrod kwa maneno matano, na bibi zetu hawakuhitaji kompyuta.

Sasa nimalize habari ya yule mama, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa leo.

Kwa miezi kadhaa hakunitukana wala hakunisema kwa watu. Ila mke wangu alipokwenda kuazima sufuria, alikataa. Nilipotaka kuingia katika kikundi cha bustani alichokuwemo, alisema mbele ya wote: "Mwalimu akiingia, mimi natoka." Alinijibu kama nilivyomtendea, siyo zaidi.

Halafu siku moja alinisubiri njiani akaniambia: "Mwalimu, mimi sikudai elfu kumi na mbili. Watu sita waliacha kunitolea elfu mbili mbili. Nakudai elfu mbili zako." Mimi mwenye cheti cha hesabu nilikuwa nimelikimbia deni hilo kwa kuliona kubwa, na mama ambaye hakumaliza darasa la nne alikuwa amelipigia hesabu sahihi. Nilikuwa nimeuza jina langu kwake kwa shilingi 2,000.

Nilimpelekea jioni ile ile. Alihesabu noti, akazifunga katika kitenge, akasema: "Mama watoto aje achukue sufuria." Ndiyo yote aliyosema. Kesho yake bombani alinisalimu.

Wale wengine watatu nao nilikwenda kuwalipa. Wawili niliwakuta. Wa tatu alikuwa amekwisha kurudi Kongo na sikupata habari zake. Shilingi 2,000 zake bado ninazo, na kama yuko mtu anayemfahamu, aje tuzungumze baada ya mkutano.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya mapendekezo niseme udhaifu wa Nipe Nikupe, maana dawa isiyo na madhara yake haijachunguzwa vizuri. Udhaifu wake ni kosa la bahati mbaya. Tuseme wewe na mimi tunashirikiana vizuri. Siku moja sikuja kutoa mchango kwa kuwa mtoto amelazwa, na habari haikukufikia. Wewe unaona usaliti, unanijibu. Mimi naona umenionea, nakujibu. Tunaendelea kujibizana miaka mitano na hakuna anayekumbuka ilianzaje. Mwaka 1992 wataalamu Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba penye makosa ya namna hiyo, kanuni yenye ukarimu kidogo inafanya vizuri zaidi: ukitendewa wema, jibu wema daima, lakini ukitendewa ubaya, samehe mara moja moja. Kwa pointi zile zile za Axelrod, kipimo walichopata ni kusamehe kama mara moja katika kila mara tatu. Mara zote tatu ni ubwege, na utaliwa. Hakuna hata moja ni vita isiyoisha. Na sisi tunayo njia ambayo programu zile hazikuwa nayo: tunaweza kwenda nyumbani kwa mtu tukamwuliza kimemsibu nini.

Kamati inataka kufufua vikundi vya kuweka na kukopa. Napendekeza mambo manne.

Moja: tusiruhusu mwisho unaoonekana. Mzunguko mpya uandikwe na zamu zake zipangwe kabla mtu wa mwisho wa mzunguko wa zamani hajachukua. Aliyechukua mwisho leo awe wa kwanza kesho.

Mbili: michango iwe midogo na ya mara kwa mara. Shilingi 500 kila juma ni bora kuliko 2,000 kwa mwezi. Ni fedha zile zile, ila anayeacha kutoa anajulikana mapema, na anayebaki anapoteza kidogo.

Tatu: sanduku la kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba tofauti, kama wanavyofanya wanavikundi wa mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Fedha zihesabiwe mbele ya wote na jumla isemwe kwa sauti, kila mtu aikariri. Hatufanyi hivyo kwa kuwa mwenye ufunguo ni mwizi. Tunafanya ili asije akashukiwa.

Nne: anayekosa mchango aulizwe kwanza, kabla hajahukumiwa. Wajumbe wawili waende kwake siku ile ile.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, nina ombi moja kwenu, nalisema kwa heshima. Jambo linalohusu kufungwa, kuhamishwa au kupunguzwa kwa mgao, tuambieni mapema, kwa watu wote, siku moja, hata kama habari ni mbaya. Habari mbaya iliyosemwa wazi tunaweza kuipangia. Uvumi ndio unaofanya kila mtu afunge mlango na kupiga hesabu yake peke yake gizani, kama wale mahabusu. Nanyi pia mikataba yenu ni ya mwaka mmoja mmoja, na tunajua wengi mnatuona kwa mara ya mwisho kila Desemba. Basi tufanye kazi kama watakaokutana tena. Wengine wenu tumekutana nanyi mara tatu, katika mashirika matatu tofauti!

Mwisho, sikuja kuwaambia mwamini kila mtu. Kuna watu wanaoaminiana sana katika kuiba mgao wa wenzao, na uaminifu wao hautusaidii kitu. Nimekuja kusema kwamba kuaminiana siyo tabia ya malaika. Watu wa kawaida, hata waliowahi kusaliti, wanaaminiana wakijua watakutana tena, wakijua kosa litajibiwa kwa kipimo chake, na wakijua mlango wa kurudi haujafungwa. Mimi niliachiwa mlango huo na mama mmoja mjane.

Ameniruhusu kusimulia habari hii, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake na niseme kiasi halisi. Nimefanya yote mawili. Kikundi kipya kinaandikisha majina Jumamosi chini ya mwembe wa shule, saa 3 asubuhi. Yeye ameomba zamu ya kwanza. Mimi nimeomba ya mwisho.